Mmeunga na nini? Kula nje Dar es Salaam ukiwa na mzio wa chakula

Jina la chakula halikwambii kilichomo ndani yake. Kisamvu cha banda moja pale Kariakoo kinaweza kuwa cha nazi leo na cha karanga kesho, kwa mpishi yule yule, kutegemea alichokuta sokoni alfajiri. Mchicha ni hivyo hivyo, na mlenda pia. Kwa hiyo anayekuja Dar akiwa na mzio ajifunze swali moja kabla ya mengine yote: "Hii mmeiunga na nini?"

Swali hili lina nguvu kuliko "Kuna karanga humu?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "hamna" haraka, na anayejibu wala hadanganyi. Amefunua sufuria, ameona majani na mchuzi, punje ya karanga hajaiona. Karanga zilisagwa, zikayeyukia kwenye mchuzi, na aliyepika si yeye anayekuhudumia. Ukiuliza mboga imeungwa na nini, mtu analazimika kuhesabu: kitunguu, nyanya, mafuta, karanga kidogo. Hapo ndipo jibu linapatikana. "Hakuna shida" si jibu, na ukiisikia uliza upya kwa upole, ikibidi ukiomba kuongea na mpishi mwenyewe.

Kuna maswali mawili ndugu yake. Kwa nyama na samaki wa kuchoma: "Mmeloweka na nini?" Kwa kila kilichokaangwa: "Mafuta haya yamekaanga nini kingine?" Ukiyashika haya matatu, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

Jua kwanza unachokikimbia

Watu husema "nina aleji" kwa mambo matatu yasiyofanana, na masharti yake hayafanani.

Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya chakula. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: vipele vinavyowasha, midomo na macho kuvimba, kutapika, kifua kubana. Kwa wengine chembe inatosha, na kupika au kukaanga hakuondoi hatari ya karanga wala ya kamba.

Kutovumilia ni jambo la tumbo. Mfano wa kawaida ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawaimeng'enyi vizuri. Utajaa gesi, utaharisha, lakini hutabanwa koo. Hapa kiasi ndicho kinachoamua: wengi hustahimili gramu 12 hivi za laktosi kwa mkupuo, karibu kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Maziwa mgando huwasumbua kidogo kuliko maziwa mabichi kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Seliaki ni ugonjwa wa utumbo kuharibiwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Hauui kwa dakika tano, ila vipande vidogo vya kila siku vinaharibu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa chakula kinachoitwa kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo, kwa hiyo chapati iliyogusa sahani yako ni jambo la kuzingatia.

Ukishajua uko upande gani, ndipo utajua kama upawa wa pamoja ni tatizo lako au la. Asiyevumilia laktosi asijinyime raha za jiji hili kwa masharti ya mwenye mzio wa karanga. Na mwenye mzio wa karanga asijilegezee eti rafiki yake "alikula kidogo hakufa".

Maneno yanayopotosha

Aliyetoka Nairobi akisema "njugu" akimaanisha karanga, Dar anaweza kueleweka njugu mawe. Sema karanga. Taja pia siagi ya karanga na kashata, maana si kila mtu atayaunganisha.

"Maziwa" kwa wapishi wengi ni yale ya kunywa. Samli, mtindi, siagi na maziwa ya unga yataje moja moja. Hata tui linahitaji swali: tui la kukuna halina maziwa ya ng'ombe, lakini tui la unga la pakiti mara nyingine limeongezewa kazeini, ambayo ni protini ya maziwa.

"Unga" peke yake kwa Dar ni sembe. Ukisema "sili unga" utanyimwa ugali ulio salama na kuletewa samaki aliyepakwa ngano asigande kwenye kikaango. Taja ngano. Neno gluteni liache kwa hoteli kubwa.

"Nyama" kwa wengi haihesabu kuku, na "samaki" haihesabu dagaa. Mwenye mzio wa kamba akumbuke pia kwamba dagaa wakavu wanaweza kuchanganyika na uduvi, vikamba vidogo ambavyo ukishapika huvioni.

La mwisho ni kitenzi. Ukisema "sipendi" au "sili karanga", mtu atadhani ni dini, mlo wa kupunguza mwili au kuchagua tu, naye kwa wema wake atakuengulia zile zinazoonekana. Sema zinakudhuru, na sema zinafanya nini:

"Shikamoo mama. Naomba nikueleze kitu: karanga zinanidhuru. Hata tone la mchuzi wake likiingia kwenye chakula changu, koo linavimba, nakosa pumzi, napelekwa hospitali. Leo mboga zako umeziunga na nini?"

Salamu isirukwe. Mama lishe aliyesalimiwa akaelezwa vizuri atakuwa mlinzi wako, na ukirudi kesho atakukataza mwenyewe kabla hujauliza.

Kwa mama lishe: uangalie upawa

Banda la kawaida lina sufuria nne au tano zimepangwa kwenye benchi au kwenye majiko ya mkaa: wali, maharage, mboga za majani, samaki wa mchuzi, nyama. Kila moja ina mfuniko wake au imefunikwa kwa sahani. Upawa, mara nyingi, ni mmoja au miwili. Tazama unavyotembea. Unazama kwenye kisamvu cha karanga, unagongwa ukingoni mwa sufuria mara mbili, halafu unaingia kwenye maharage. Ile michirizi ya kijani inayobaki juu ya maharage ndiyo inayompeleka mtu hospitali, ingawa maharage yenyewe yalipikwa bila karanga hata moja.

Ndiyo maana saa ya kwenda ina maana kubwa. Nenda saa tano au saa tano na nusu, kabla ya watu wa ofisini na wa gereji kumiminika. Sufuria bado hazijachanganyikiana, mpishi bado ana nafasi ya kukusikiliza, na maji ya kuoshea vyombo bado ni masafi. Saa saba na nusu mambo ni mengine: beseni la kwanza povu limekwisha, la kusuuzia lina utando wa mafuta juu, na sahani yako imetoka humo na mabaki ya wote waliotangulia.

Beba kontena lako lenye mfuniko, pamoja na kijiko. Dar hakuna atakayeshangaa, watu wengi hununua chakula cha kuondoka nacho. Mwambie, "Mama, naomba uniwekee humu, kwa upawa ambao haujagusa kisamvu." Kama upawa safi haupo, aumimine wali kwa kisahani kikavu kilichooshwa kwa sabuni. Upawa uliochovywa tu kwenye beseni usiukubali.

Maji ya kunawa yakiletwa kwa birika, omba na sabuni. Kitakasa mikono hakiondoi protini ya karanga, sabuni na maji huiondoa. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, maana tunakula kwa mkono, na umetoka kwenye daladala uliyoshika bomba walilolishika watu waliokuwa wakibandua karanga kwenye foleni.

Kwa mwenye seliaki, ugali wa mahindi, wa mihogo na wa mtama kwa asili hauna gluteni. Kinachoharibu ni mashine ya kusaga ya mtaani iliyotoka kusaga ngano, hivyo sembe ya pakiti ni afadhali kuliko unga wa kupimiwa. Uji wa lishe uache kama humjui aliyeuchanganya: ndani huwa na karanga na soya, wengine huongeza ngano, wengine dagaa wa kusaga. Kila nyumba ina mchanganyiko wake, nao unapewa watoto bila wasiwasi kwa sababu ya jina lake zuri.

Viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu navyo ni vya kuulizia. Vingine vina ngano, soya au maziwa, na mpishi hana sababu ya kuvikumbuka ukimuuliza kwa mdomo. Omba kuona pakiti. Karibu kila mara ipo, imekunjwa pembeni ya chumvi.

Karai la mafuta

Chipsi zenyewe ni viazi, mafuta na chumvi. Tatizo ni kwamba karai lile lile limekaanga samaki, soseji, sambusa, na kwenye maduka ya kuku limekaanga kuku aliyeviringishwa kwenye ngano. Mafuta ya moto hayasafishi kitu, yanahamisha tu. Kwenye vibanda vya chipsi vya Sinza, Mwenge au Kinondoni, uliza kama karai ni la viazi peke yake. Vingi ni hivyo nyakati za jioni, kuku anapokuwa anachomwa pembeni. Mwenye mzio wa mayai aagize chipsi kavu na atazame kikaango: kama zinapashwa moto kwenye kikaango kilichotoka kupika chipsi mayai, hizo si kavu kwako. Koleo la kutolea nalo ni moja.

Feri ya Magogoni, lile soko la samaki, ni habari nyingine kabisa. Kwa mwenye mzio wa kamba, kaa, ngisi au pweza ambaye samaki wa mapezi hawamdhuru, pale si mahali pa kula samaki wa kukaanga, hata kama ni wa asubuhi hiyo hiyo. Karai moja hupokea changu, pweza na kamba kwa zamu. Mvuke wa kamba wanaochemshwa unaweza kumbana mtu mwenye pumu ya mzio bila hata kula. Nunua samaki mzima, apikwe kwingine.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata waganga. Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama yao. Ukila, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, vipele vinatoka ndani ya saa moja, kama mzio kabisa. Si mzio, ni sumu, na moto hauiondoi. Samaki anayewasha ulimi kama pilipili manga ilhali hakutiwa pilipili, mtoe mdomoni. Waliokula sahani moja wakiugua pamoja, fikiria histamini kwanza, na mwambie daktari hivyo, usije ukaishi miaka kumi ukijinyima samaki bure.

Mihogo ya Coco Beach ni miongoni mwa vyakula rahisi vya jiji. Ya kuchoma ni salama zaidi kuliko ya kukaanga, kwa sababu haikuingia mafuta ya mtu yeyote. Kachumbari ichunguze, na mishkaki ya jirani iulizie imelowekwa na nini. Wengi hutumia papai bichi, tangawizi na ndimu, lakini wengine hutia sosi ya soya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja.

Kisutu, Upanga na migahawa ya Kihindi

Migahawa mingi ya huku ni ya mboga tupu, haipiki samaki, kamba wala mayai kabisa. Kwa mwenye mzio wa hivyo, hii ni neema: jiko zima halina adui yake. Kwa mwenye mzio wa maziwa au korosho ni kinyume chake. Samli iko kwenye karibu kila kitu, jibini ya paniri iko kwenye michuzi, na ule mchuzi mweupe mzito mara nyingi umefanywa mzito kwa korosho za kusaga. Korosho huoni, unaonja tu ulaini. Biriani nayo, hata ya Waswahili, nyama yake hulowekwa kwenye mtindi, na korosho za kupambia zikitolewa juu, mafuta yake yameshashuka kwenye wali.

Bajia za dengu hazina ngano kwa asili, ila zinakaangwa na sambusa. Mvuje, kile kiungo chenye harufu kali kinachotiwa kwenye dengu, wa kopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usigande. Mwenye seliaki auulizie kwa jina. Wapishi wa huku wanaujua vizuri na hawatakuona msumbufu. Urojo, popote utakapoupata, hufanywa mzito kwa unga wa ngano, na juu yake huwekwa yai, bajia na chatne ya nazi, kwa hiyo kuna mengi ya kuuliza katika bakuli moja.

Hoteli kubwa za Masaki na za katikati ya jiji mara nyingi zina wapishi waliofundishwa orodha ya vizio, yaani vyakula vinavyoleta mzio: 14 kwa Umoja wa Ulaya, 9 kwa Marekani. Piga simu asubuhi, sema jina la kizio, uliza mpishi wa zamu ya jioni ni nani. Kosa la hoteli hizi ni bufee. Vijiko vinahama kutoka bakuli moja hadi jingine mikononi mwa wageni, na hakuna mpishi anayeweza kulizuia hilo. Omba upikiwe sahani yako jikoni.

Vinywaji na vitafunwa

Madafu na maji ya chupa hayana neno. Juisi ya miwa ni miwa, ndimu na tangawizi. Juisi ya parachichi huwa na maziwa sehemu nyingi, na blenda yake ndiyo inayosaga embe lako baadaye, kwa hiyo jagi lioshwe kwa sabuni mbele yako. Kahawa chungu ya birika haina shida yenyewe, ila vikombe husuuzwa ndoo moja na mikono inayogawa kashata. Bia ya kawaida ni ya shayiri.

Ukikwama mahali usipoamini, tafuta chakula chenye ganda lake: ndizi, chungwa, yai la kuchemsha ambalo utalimenya mwenyewe (muuzaji asilimenye kwa kisu kilichokata kachumbari), hindi la kuchoma bila kupakwa kitu. Kwenye basi la kutoka mikoani, kile kituo cha chakula cha dakika kumi na tano hakikupi nafasi ya kuuliza maswali matatu. Panda gari ukiwa na chakula chako.

Kadi

Andika hii, ibadilishe iendane na kizio chako, ihifadhi kwenye simu na uchapishe nakala mbili. Mhudumu aipeleke jikoni, asisimulie kwa mdomo.

*Nina mzio mkali wa KARANGA. Hata chembe inaweza kuniua. Naomba chakula kisichoungwa kwa karanga, siagi ya karanga wala mafuta ya karanga. Kipikwe kwenye sufuria safi na kupakuliwa kwa upawa ambao haujagusa karanga. Kama huna uhakika, tafadhali niambie. Sitakasirika, nitaagiza kingine.*

Sentensi mbili za mwisho usizifute. Zinampa mpishi ruhusa ya kusema hajui, na wengi hawasemi kwa sababu wanaogopa kumpoteza mteja.

Ukishakula na mambo yakaharibika

Kama daktari amekuandikia sindano ya adrenalini ya kujidunga, njoo nazo mbili kutoka ulikotoka. Usitegemee kuzipata duka la dawa la mtaani. Zikae kwenye mkoba unaotembea nao, kivulini. Gari lililoegeshwa juani Dar huziharibu, na zikiwekwa kugusana na barafu huharibika pia. Dawa ikibadilika rangi au ikiwa na chembe, haifai.

Vipele peke yake unaweza kuvitibu kwa dawa ya mzio ya vidonge huku ukijiangalia. Lakini sauti ikikwaruza, ulimi ukivimba, kifua kikipiga miluzi, au mtu akilegea na kizunguzungu, vidonge haviokoi. Dunga adrenalini upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya suruali. Mtu mzima kwa kawaida hupewa miligramu 0.3, mtoto kwa uzito wake kama alivyoandikiwa. Ikipita dakika 5 hadi 15 bila nafuu, dunga ya pili. Alale chali miguu imeinuliwa, na kama anakosa pumzi akae huku miguu imenyooshwa. Asisimame wala kutembea kuelekea gari, abebwe, kwa sababu shinikizo la damu likishuka, kusimama ghafla kunaweza kuusimamisha moyo.

Kwa hiyo bodaboda haifai, na bajaji haina nafasi ya kumlaza mtu. Tafuta gari, alazwe kiti cha nyuma. Usisubiri gari la wagonjwa kama teksi ipo mlangoni. Jua mapema hospitali ya upande wako: Muhimbili ukiwa Upanga na katikati ya jiji, Amana Ilala, Mwananyamala Kinondoni, Temeke kule kusini. Kama unaenda kula fukwe za Kigamboni, hesabu pantoni au daraja na foleni yake kabla ya kuagiza chochote cha kubahatisha.

Mmoja abaki nyuma achukue kipande cha chakula kwenye mfuko, pakiti ya viungo na namba ya simu ya mpishi. Mapokezi sema neno moja kabla ya historia yote: adrenalini, imedungwa saa ngapi. Hata ukijisikia mzima, kaa chini ya uangalizi kwa saa ulizoambiwa, angalau nne na mara nyingi zaidi, maana dalili zinaweza kurudi zikiwa kali baada ya dawa kuisha nguvu. Tiketi ya basi la usiku iahirishe.